Meno Yangu Yalitembea Wiki ya Mateso

Jumapili ya Pasaka, saa tatu asubuhi. Tabora. Mvua ya jana imekatika lakini nyasi bado zina maji, na viatu vyangu vya kanisani viko mlangoni vimejaa tope la makaburini. Nimekaa jikoni na sare yangu ya tarumbeta, sijabadilisha. Moyo haujatulia. Si huzuni. Ni mshangao tu, na kwa kuwa sijui pa kuupeleka, nauleta hapa.

Nianze kwa kukiri. Wiki Takatifu yote sikuvaa riteina.

Kwa asiyejua, riteina ni kifuniko chembamba cha plastiki, kinaonekana kama kioo, unakivaa juu ya meno baada ya kutolewa nyaya ili meno yabaki pale yalipopangwa. Mimi nilivaa nyaya miaka miwili, maana meno yangu ya juu yalikuwa yamepandana vibaya, moja limemkalia mwenzake kabisa. Zilitolewa Desemba kule Mwanza. Daktari akanipa masharti: vaa usiku na mchana, toa wakati wa kula tu, osha kwa maji ya baridi na mswaki laini. Maji ya moto marufuku, yanaipinda. Na ukiitoa iweke kwenye kiboksi chake, usiifunge kwenye tishu, utakuja kuitupa na mabaki ya chakula. Niliyashika masharti hayo kama mtoto wa kipaimara. Mama alikuwa ananitania kwamba nikipata mchumba, kile kiboksi kitamwonea wivu.

Sasa, mimi ni mpiga tarumbeta.

Aliyenifundisha ni baba. Alikuwa fundi wa reli pale Kaliua, na jioni akitoka kazini alikuwa ananipa tarumbeta yake nipulize, nikiwa darasa la nne, majirani wanaumia. Nilipowekwa nyaya, kile kikombe cha kupulizia kikawa kinaubana mdomo kwenye waya hadi unatoka damu. Nikaiweka chini tarumbeta, nikapewa ngoma. Baba hakulalamika, ila kila mwezi aliniuliza nitarudi lini. Siku nyaya zilipotoka nikampigia simu nikamwambia, Pasaka utanisikia. Akacheka kwa furaha kama mtoto.

Januari akafariki.

Sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini kabla jua halijatoka, matarumbeta yakitangulia. Majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita yanasomwa moja moja. Yakiisha, tarumbeta moja inapiga ubeti peke yake, ndipo watu wote wanaupokea. Mwalimu Mihayo, anayeongoza bendi yetu, alinipa mimi ubeti huo, kwa sababu ya baba. Mnaona nilivyokuwa nimebanwa.

Jumatatu nilijaribu kupiga nikiwa na riteina. Ukatoka upepo mtupu. Nikaivua. Bila riteina sauti ilikuja, na mimi nikalewa nayo. Ningeweza kuirudisha mara tu mazoezi yakiisha, lakini baada ya mazoezi kuna ibada, baada ya ibada kuna chai, na nikifika nyumbani nimechoka, najiambia kesho. Tena niseme ukweli wote: nilitaka mdomo uzoee kukaa bila kitu. Mama aliniuliza kama nimevaa, nikasema ndiyo. Nilimdanganya mama yangu katika wiki ile, jamani.

Jana mchana nikafungua kiboksi. Haikuingia.

Niliisukuma kwa kidole, ikakaa upande mmoja, upande wa pili ikanigomea. Meno yakauma mpaka puani. Nilikaa kitandani nikalia. Siku tano tu! Nikampigia daktari nikijua ni sikukuu na nitamkera, akapokea. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza taratibu kwamba mfupa unaoshika jino uko hai. Upande mmoja unalika, upande mwingine unajengwa, na jino linasogea humo ndani usiku na mchana bila kukuomba ruhusa. Miezi ya mwanzo mfupa ule bado mchanga, ndiyo maana riteina haiachwi. Akasema nijaribu tena polepole. Ikikataa, niache, niende Mwanza. Ikiingia nisiivue ila kwa kula, na hata hivyo nikamwone Jumanne. Na kile kikombe cha tarumbeta kisiguse mdomo wangu meno yakiwa matupu.

Ikaingia, kwa shingo upande. Pale kwenye jino lile lililokuwa limemkalia mwenzake palibaki nafasi, riteina haikulifikia.

Kwa hiyo ikawa hivi: nipige nikiwa nimeivaa, au nisipige kabisa. Nikaenda kwa Mwalimu Mihayo nikamwamkia na kumweleza yote. Akaniambia nipige. Nikapiga, ukatoka upepo uleule wa Jumatatu, na noti moja mbili zilizokwama. Akaniuliza:

"Ubeti ule nimpe mwingine?"

"Hapana, mwalimu."

Akaniambia basi nisiitafute sauti yangu ya zamani, hiyo haipo. Nitafute pumzi.

Leo tumetoka giza bado lipo. Baridi, umande hadi magotini. Makaburi yetu yako kando ya barabara ya zamani ya kwenda Ujiji, waliyopita wapagazi na mizigo yao kichwani, wengine wakaishia hukuhuku. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la baba, akainama, akasema "Mwangaluka" kama alivyomwamkia kila asubuhi kwa miaka thelathini na kitu. Nilimwangalia nikasahau meno yote.

Majina yalikuwa tisa. La baba lilikuwa la saba. Mchungaji aliposoma la tisa, Mwalimu Mihayo akanipa ishara.

Pumzi ya kwanza ilitoka upepo. Watu walisikia, na mimi nilisikia kwamba wamesikia. Nikatamani kukimbia. Nikavuta nyingine, kutoka chini kabisa, nikaacha kubana.

Sauti ikaja. Haikuwa safi, ilikuwa nene na yenye mchanga, lakini ilisimama na ikaenda. Nikamaliza ubeti peke yangu, watu wakaupokea, bendi ikaingia, na kule mashariki kukaanza kuwa kwekundu. Nikasikia sauti ya mama katikati ya sauti zote, akiimba kwa nguvu kuliko wote.

Na katika ubeti wa pili nikahisi kitu kinywani.

Tk.

Riteina ilizama. Pale ilipogoma jana, iliingia yenyewe, huku napiga. Nusura niache tarumbeta. Mwili ulinisisimka mpaka miguuni, na niliendelea kupiga machozi yakinitoka, kila mtu akidhani ni ya baba peke yake.

Nimetoka kujitazama kwenye kioo. Imekaa. Nimeiosha bombani kwa maji ya baridi, nikairudisha haraka. Jumanne nitakwenda Mwanza kama nilivyoambiwa, nikiwa na tarumbeta yangu, nimsimulie daktari kila kitu. Huenda atasema ilikuwa inaingia taratibu tangu jana na mimi sikujua. Sawa. Mama naye nimeshamwambia kwamba nilimdanganya. Ameniambia niende nikavue viatu vyangu vya tope, ambavyo nilikuwa nimeshavivua.

Miaka yote nilidhani mfupa ni kitu kilichokwisha, kigumu, kimenyamaza ndani yetu kikisubiri kaburi. Kumbe unalika na kujijenga, unaondoka na kurudi, hata nikiwa nimelala, hata nikiwa nadanganya. Na nimelijua hilo nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka mahali ilipo mifupa ya baba.

Ubeti ule wa ufufuo nimeupiga na bendi Pasaka nyingi kwa mazoea. Leo niliuamini.