Makasri ya Rukia

Jumapili, Lanham

Leo Rukia kanionyesha tena makasri ya Ulaya kwenye simu yake. "Mama, chagua. Paris au Vienna? Nita-book mimi, twende wiki ijayo upumzike."

Mwanangu kazaliwa hapa Marekani. Hajui kwamba tangu tumzike baba yake nakaa eda, sitoki nje hata uani. Mambo haya baba yake ndiye angemweleza. Nilianza kumweleza, nikaona anavyojitahidi kunichangamsha.

Nikagusa kasri lenye bustani kubwa, maua yamepangwa kama zulia. Akafurahi, maskini.

Bustani ninayoitaka iko hapa nyuma, tuta la mchicha la marehemu. Naliona dirishani likikauka. Nilitaka kumwomba Rukia alimwagilie maji, lakini alishaondoka, mbio kuulizia tiketi.