Suruali ya Haradali

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kamaliza suruali yake ya kwanza. Na ni yangu mimi! Miezi minne ya kujifunza cherehani kila akitoka kazini duka la dawa, matunda yake ndiyo haya. Rangi ya haradali. Kitambaa kinang'aa kama kimepakwa mafuta – aliyemwuzia alicheka mpaka akafunga duka. Mfuko mmoja uko juu ya mwenzake. Nikasema imenikaa. Mdomo huu! Sasa anataka kesho niende nayo kazini.

Jumanne, 4 Machi
Nimepekua kabati zima. Shati jeupe – yai la kuchemsha. Jeusi – nyuki. La bluu – mhudumu wa kituo cha mafuta, bado kuulizwa petroli au dizeli tu. La kijivu angalau halina maneno. Nikatoka nalo, mke wangu mlangoni anatabasamu. Kazini moja kwa moja chooni, nikavaa suruali nyeusi niliyoificha kwenye mkoba. Ya haradali ikalala droo ya chini, na ramani za viwanja. Jioni nikaivaa tena kurudi nyumbani.

Mke wangu akauliza walisemaje. Wameisifu, nikasema. Na mhasibu je? Mhasibu ndiye ninayemwita Bwana Pasi, haketi mpaka avute suruali juu, mkunjo usiharibike. Nikasema anataka mbili. Uongo nao ukishaanza hauna breki.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya tatu navua na kuvaa chooni, mtu mzima na mvi zangu. Kazi ni kupata shati la kupatana na suruali mbili zisizojuana. La kahawia limepita nyumbani; ofisini Bwana Pasi kaniuliza kama nimelala nalo. Yeye na soksi zake za zambarau! Nyani haoni kundule.

Mke wangu kanunua daftari la wateja. Kaandika sita. Wote nimemtungia mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Kanisomea barua yake ya kuacha kazi. Imenyooka kuliko suruali. Miaka tisa pale duka la dawa! Kapata chumba cha cherehani sokoni, barua anaipeleka Jumatatu asubuhi. Nikafungua mdomo niseme. Akaniwahi: "Nilikuwa naogopa, baba. Ungesema mbaya, ningeacha."

Nikaufunga. Nimewacheka watu wengi wiki hii, kumbe bwege ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Naandika chooni, ofisini.

Barua kaipeleka. Kisha kaja huku bila kuniambia – nimemwona kutoka ngazini, yuko mapokezi, futi shingoni, daftari mkononi. Nikanyakua ya haradali kwenye droo, nikakimbilia huku. Miguu imeingia, zipu imegoma. Na leo nina shati la pinki! Hata ikifunga, nitatokaje mbele ya ofisi nzima?

Ukuta mwembamba, nasikia kila kitu. Mke wangu kamsalimia Bwana Pasi, kamuuliza kama ndiye mhasibu. Sauti yake ina furaha.

"Shemeji, zile mbili zako, nikushonee rangi ya mume wangu au nyingine?"

Bwana Pasi, kwa upole ambao sikujua anao: "Suruali zipi, shemeji?"

Sasa mke wangu ananiulizia. Nasikia mtu wa mapokezi anamwelekeza: yuko huku, mlango wa mwisho. Viatu vyake vinakuja, havina haraka. Zipu bado