Pipa Nililiingiza Ndani

Pongwe, Tanga
9 Mei 2025

Mdogo wangu Beatrisi,

Mimi kaka yako Noa, mwenye miaka sabini na tisa, niliyewazika mameneja watatu wa shamba la mkonge, nikaumwa na koboko akafa yeye, nikaagwa na meno yote isipokuwa manne, nakusalimu katika jina la Bwana. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Mguu unaendeleaje? Na mvua ya huko Amani, inawaachia hata siku moja ya kuanika nguo?

Sisi hatujambo. Nimeandika hatujambo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, lakini ninaogopa, Beatrisi. Ninaogopa mpaka uji unakataa kushuka. Wifi yako Consolata amelazwa tangu Jumatatu. Sikupiga kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya nje ukoo mzima unasikiliza, na haya ni ya kwako peke yako. Herufi zikikushinda, vumilia, shule niliiacha darasa la pili, na sasa viganja vimefungwa bendeji.

Unalijua pipa langu la kukaushia nyama kwa moshi. Hapa Pongwe hakuna anayenifikia, hata wa Ngamiani wananifuata. Sasa watu wengi wameiga, moshi ukawa mwingi, mwenyekiti wetu wa mtaa Laurenti akaitisha mkutano akasoma masharti. Pipa likae hatua kumi kutoka ukuta wa jirani. Kuni zisiwe na rangi wala dawa. Moto usiachwe peke yake. Na pipa lisiingizwe ndani ya nyumba, hata mvua inyeshe vipi.

Nikasimama. Nikamwambia Laurenti kwamba yeye alikuwa bado ananyonya mimi nakausha nyama, na kwamba baba yetu aliikausha ndani, kwenye dari la fito juu ya mafiga, tukalala humo humo watoto saba na hakufa hata kuku. Watu wakapiga makofi. Jirani yangu Hija, yule Mpemba, akacheka akasema mzee Noa, baba yako aliezeka majani, moshi ulipita juu kama kwenye chujio, wewe umeezeka bati na madirisha ya vioo, utajikausha mwenyewe. Nikamjibu arudi Pemba akaanike karafuu zake.

Jumatatu nilikuwa na paja la ng'ombe la kipaimara cha mjukuu. Saa nane mchana ikashuka mvua ya upepo, na nyama iko nusu. Nikaona ikiharibika Hija atanicheka mpaka kaburini. Nikalisukuma pipa jikoni, nikafunga mlango na dirisha maji yasiingie, nikaenda kukaa barazani. Consolata alikuwa amejilaza chumba cha pili, homa kidogo. Ule ukuta wa katikati unaujua, haukufika juu. Nilimsikia anakohoa mara moja. Halafu kimya, nikajua amelala.

Hija ndiye aliyekuja na mwavuli, ameona moshi unatoka kwenye kona za bati. Hakubisha hodi. Alimkuta wifi yako sakafuni, macho yamefumbuka nusu, hasemi. Akaniambia nimtoe nje haraka, yeye akimbilie bajaji.

Sasa sikiliza, na usimsomee mtu. Sikumtoa. Hija alipotoka, nilikwenda kwanza jikoni, nikalikumbatia lile pipa na moto wake, nikalikokota mpaka nyuma ya choo, Laurenti asilione ndani. Viganja viliungulia hapo. Hija aliporudi Consolata alikuwa bado sakafuni na mimi nimelowa. Akambeba mgongoni.

Na hospitali daktari aliponiuliza tulikuwa tunapikia wapi, nilisema nje. Akauliza tena Jumanne, nikasema nje. Wakampima malaria, wakampima presha, wakampima sukari, mimi nimekaa pale najua. Hija alikuja kila siku na chupa ya chai, ananitazama tu. Jana akasema, mzee, kesho usiposema wewe nasema mimi.

Leo asubuhi nimesema. Daktari hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Alisema ni hewa ya moto uliofungiwa, wangeijua Jumatatu wangemwekea oksijeni saa ile ile, sasa wanajaribu lakini hana ahadi ya kunipa. Nikatoka nikaenda kwa Laurenti nikamweleza yote mbele ya mke wake.

Kwa hiyo lile pipa nililokuletea Krismasi, nikakuambia uliweke jikoni kama baba, litoe leo. Na wewe umeezeka bati. Litoe hata kama kunanyesha.

Wasalimie wote, hasa wale wadogo ambao nimesahau majina, na mniombee Jumapili kanisani bila kutaja sababu.

Akitokea huko wa kusema kaka Noa anatia chumvi kama kawaida yake, amuulize Hija aliyembeba. Amuulize Laurenti. Amuulize daktari, ameandika. Consolata msimuulize kwanza. Jana nilipomshika mkono alimuuliza nesi huyu mzee ni nani, na hakuwa anatania.

Ni mimi kaka yako,
Noa