Kuku Ambaye Mama Yako Hakumtoa

S.L.P. 214,
Nakuru,
Kenya.

22 Septemba, 1957

Mpendwa mwanangu Kipkorir,

Pokea salamu zangu na za nyumba yetu yote. Natumaini homa uliyoitaja imekwisha, na kwamba joto la Delhi limeanza kupungua. Sisi tu wazima wa mwili. Mvua imenyesha vizuri, wimbi shambani limesimama vizuri, na asubuhi mlima Menengai hauonekani kwa ukungu. Mama yako anakula kidogo, lakini anakula.

Barua yako niliisoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu. Umeuliza jambo moja kwa ukali, na una haki ya ukali huo: kwa nini baba yako alifia gerezani bila kuonwa na mkewe, ilhali kilichotakiwa ni kitu kidogo tu cha kumpa askari? Unasema huko uliko ungempa karani rupia mbili na mlango ungefunguka. Nitakujibu kwa utaratibu, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kulibeba jambo hili.

Kwanza neno lenyewe. Rushwa ni kitu anachopewa mwenye mamlaka, kwa siri, ili auze kile ambacho si chake kukiuza. Yote matatu yanahitajika: mamlaka, siri na uuzaji. Likikosekana moja, tutafute jina lingine. Gurdial, yule seremala jirani yangu, alitengeneza jeneza la baba yako akakataa malipo. Hiyo ni zawadi, maana mama yako hana mamlaka yoyote ya kumfaa Gurdial.

Sasa mpime kondoo wa baba yako. Unaijua desturi: kesi ya mpaka ikiisha, kila upande huleta mnyama, wazee huchinja, na walioshindana hula pamoja, mchana, mbele ya watu. Ndivyo alivyofanya baba yako akiwa mzee wa korti, kama babu yako alivyofanya kabla korti haijajengwa. Lakini safari hii aliyeshindwa alikasirika, hakuleta mnyama wake. Aliyeshinda alileta, na baba yako, badala ya kumrudisha kondoo yule, alimchinja. Kosa lake lilikuwa hilo. Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, na hakuna aliyeipindua hadi leo. Hata hivyo hakimu Mzungu aliona mzee anayelipwa mshahara na serikali amekula kondoo wa mshindi, akamfunga kwa rushwa. Simlaumu kwa kuona hivyo. Namlaumu kwa kutouliza kwa nini watu wote wa mlimani walikuwapo wakila.

Kuhusu nchi nyingine, nimesikiliza wengi. Gurdial hupenda kunitania: “Mwalimu, kwetu Punjab karani anakula, lakini akishakula anafanya kazi. Hapa anakula, halafu anakwambia njoo kesho.” Mwalimu mwenzangu aliyesoma Uingereza mwaka mmoja anaapa kwamba hakuona polisi akinyoosha mkono. Aliona, hata hivyo, kazi nono zikienda kwa waliosoma shule moja, na hakuna aliyeliita jambo hilo kwa jina lake. Nawe unasema Delhi kila dirisha lina bei.

Nadhani tunakosea tukihesabu wanaokula. Kipimo changu ni kingine: yule anayekataa kutoa hupoteza nini? Wewe uliniandikia kwamba ulikataa mara moja ukapoteza mchana mzima katika foleni ya reli. Sasa sikiliza alichopoteza mama yako.

Gereza lenyewe sitalitaja, kwa kuwa barua za siku hizi zina wasomaji wengi. Tulipata habari kwamba baba yako ameshikwa na kichomi. Sheria yao inamruhusu mke kumwona mgonjwa. Mama yako alishuka na kibuyu cha mursik, maziwa aliyoyapenda baba yako. Askari wa lango alimtazama mikono.

“Mama, unakuja kwa mtu na maziwa tu?”

“Haya ni ya mume wangu.”

“Sawa. Mimi sinywi maziwa. Mimi nakula kuku.”

Mama yako alirudi siku iliyofuata, na nyingine, akaketi chini ya ukuta hadi jioni, kisha akapanda mlima na kibuyu chake kikiwa kimejaa. Nilipendekeza mimi mwenyewe kwamba kuku atolewe kwa mkono wangu, jina lake lisitajwe. Alinijibu bila kuinua sauti:

“Shemeji, Kiplangat amefungwa kwa kondoo ambaye hakumla kwa siri. Nikimpa askari kuku, watasema nyumba yetu yote ndivyo ilivyo. Na safari hii watakuwa wamesema kweli.”

Nilimwandikia mkubwa wa gereza. Jibu lake, la heshima na lenye ruhusa kamili, lilifika baada ya mazishi. Siku ya kuchukua maiti, askari yule yule alifungua lango mwenyewe, na hakuomba kitu.

Kipkorir, katika barua yako hukumsalimu mama yako. Aliniuliza kama ulimtaja. Nilimwambia kwamba unamwandikia barua yake peke yake. Tafadhali, usinifanye mwongo.

Dada yako Chepkemboi anakusalimu. Amejifungua mtoto wa kiume, naye wamemwita jina la baba yako. Nyanya yako anataka picha yako, uwe umevaa koti, si shati. Gurdial anauliza kama umekwisha kujifunza kula pilipili. Mungu wa baba yako akutunze katika nchi ya watu, akurudishe kwetu ukiwa na elimu na moyo mwepesi.

Nimekujibu yote uliyouliza. Limebaki langu moja, ambalo kipimo changu hakilifikii. Mama yako alikaa nje ya ukuta kwa ajili ya jina la baba yako. Huko ndani, baba yako akiutazama mlango, je, kuna mtu aliyemwambia kwa nini mkewe haingii?

Akupendaye na asiyekusahau,
baba yako mdogo,
Micah arap Kosgei