Suruali ya Neema

Jumapili, 3 Desemba 2006
Nimetoka zamu, nimeoga, moja kwa moja kanisani kwetu wahamiaji, Stechford, huku ughaibuni. Binti yangu Neema amesimamishwa kwaya. Mama Furaha, mwenyekiti wa akina mama, amemvua joho mbele ya wenzake. Kosa? Kwenye mchezo wa Krismasi shuleni ataigiza mvulana, avae suruali. Mtoto wa miaka kumi na miwili! Nimechemka.

Jumanne, 5 Desemba
Off yangu. Maktaba. Mwalimu wake alisema mchezo umeiga ile ya Wazungu ya karne ya kumi na tisa, nikataka ushahidi. Kumbe ndiyo ilikuwa desturi! Shujaa mvulana anachezwa na mwanamke, bibi kizee anachezwa na mwanamume, ukumbi mzima unamzomea mwovu. Na watoto wa maskini walivishwa mabawa, wakaning'inizwa kwa waya karibu na taa za gesi. Hilo ndilo la kupigia kelele. Si suruali! Nimetoa kopi ya picha ya shujaa mmoja, akina mama wajionee.

Alhamisi, 7 Desemba
Kikao nyumbani kwa Mama Furaha, Kingstanding. Nikaweka picha mezani kwa mbwembwe. Mjinga mimi! Nilisoma maelezo, sikuangalia miguu. Shujaa kavaa kikaptula na soksi za kubana, umbo la mapaja lote nje. Akina mama wakashika vichwa. Mama Furaha, na Kiswahili chake cha Bukavu: “Mama Neema, njo vile mutoto atavala?” Nikaapa hapana, suruali ya Neema inafika kwenye kifundo cha mguu. Nani alisikia? Nimerudi na hasira.

Ijumaa, 15 Desemba
Mchezo. Nani yuko safu ya mbele, kilemba kimewaziba watu? Mama Furaha. Amekuja kupeleleza.

Mwovu akamnyatia Neema kwa nyuma. Wazungu wakazomea, ndivyo mchezo unavyotaka. Mama Furaha hakuzomea. Alisimama wima, mkono juu: “Ashindwe! Kwa jina la Yesu!” Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilicheka hadi machozi. Kisha hasira ikarudi. Huku anamtetea, kanisani alimvua joho.

Jumapili, 17 Desemba
Joho limerudi. Limefuliwa, limepigwa pasi. Mama Furaha hakuomba radhi. Alisema tu kwamba lilikuwa fupi, ameshusha pindo.

Neema alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akalikunja mapajani. Kwaya ilipoitwa mbele, alibaki kando yangu. Sikumsukuma aende.