Mita Kuukuu na Betri ya Mama Lusungu

Alhamisi, Chapwa

Nimechoka, na uchovu wenyewe ni wa kujitakia.

Asubuhi mita yangu kuukuu ya mezani, ya kupimia umeme, iliisoma betri ya sola ya mteja wangu Mama Lusungu volti 11.8, yaani betri imekwisha. Ile ndogo niliyonunua Nakonde ikasema 12.7, betri nzima. Nikaiamini ndogo kwa sababu ni mpya. Nikaifungua kuukuu, nikawa nazungusha skrubu yake ya ndani mpaka zikasoma sawa. Na nikajisifu!

"Betri yako nzima, mama. Ni waya tu ulilegea," nikamwambia. Akapanda gari na betri yake kurudi Kamsamba, anakomuuguza mama yake.

Jioni mke wangu akauliza, "Baba Tumaini, hiyo ndogo mbona namba zake zimefifia?"

Betri yake ya ndani ilikuwa inaisha, na mita za namna hii zikiishiwa husoma juu. Nikaweka mpya, nikazipima zote mbili kwenye betri ya hapa dukani. Ndogo imeshuka. Kuukuu ndiyo iko juu sasa. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo, nimeiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nashika simu nimpigie Mama Lusungu, akawahi yeye. "Fundi, taa zinawaka! Leo mama yangu halali gizani. Mungu akubariki sana."

Nikasema amina, nikakata. Betri ile haitafika alfajiri, na kumwambia nimeshindwa.