Pulizo la Mabela

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote nauliza mguu wako: je, unakanyaga vizuri sasa? Mimi mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Ningekupigia, lakini simu yako hushikwa na Asha, na mdogo wangu huyo angenikatiza kwa vicheko. Ndiyo maana nampa mwenzangu anayerudi Tanga barua hii akufikishie mkononi.

Juma lililopita hapa Mabela, huku ng'ambo kwa Waarabu, wauza nyumba mpya walipandisha puto kubwa jekundu la tangazo, limefungwa kwa waya. Bi Zuwena, bibi wa Unguja ninayemtunza, aliliona dirishani akaniita, "Zubeda, njoo! Pulizo!" Nikakimbia na dawa ya kupulizia mbu. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe kwao pulizo ndilo puto! Kisha akauliza, "Nani kalipandisha?"

Baba yake alikuwa mchochea makaa melini. Vita Kuu ya Pili ilimkuta bandari moja ya Uingereza, akatiwa kwenye kikosi cha mapulizo. Yalikuwa makubwa kushinda nyumba, yamejazwa gesi, kila moja na waya wake wa chuma na winchi ya kuuvuta. Ndege ya adui ikishuka ili ilenge vizuri, waya unakata bawa. Basi ikabidi ziruke juu, mizinga izipate. Baadaye wanaume wakahitajika kwingine, wanawake wakashika winchi. Kabla ya hapo waya mmoja ulikuwa umekatika ukaondoka na vidole viwili vya baba yake.

"Watu wakiyaona wakifurahi," Bibi aliniambia. "Baba hakufurahi hata siku moja. Akisema pulizo haliwekwi pasipo kitu cha kupigwa."

"Bibi, hili ni la kuuzia nyumba tu."

"Nnajua. Lakini huoni mbingu zilivyo kimya?"

Kweli, Mama, ndege zimepungua. Vita viko nchi za jirani, na kila mtu hapa anasema havitufikii. Mwanawe Bibi anafanya kazi serikalini. Siku hizi kila akirudi anapakua katoni za maji ya kunywa mpaka stoo imejaa. Na mimi ndiye niliyemtafutia Asha kazi huku, mtaa wa Khuwair! Tiketi imeshakatwa, nami nilikuwa nimeshamtandikia godoro.

Leo asubuhi wameliteremsha lile puto. Dereva wetu anasema wafanyakazi wameamriwa, hawakuambiwa sababu. Nikampelekea Bibi habari hiyo kwa furaha. Akanishika kifundo cha mkono.

"Upepo upo?"

"Haupo, Bibi."

"Radi je?"

"Jua tupu."

"Basi wanafungua njia, mwanangu. Baba akisema yakishushwa hali ya hewa ikiwa nzuri, ndege zao wenyewe zinataka kupita."

Pengine ni uzee, Mama. Lakini naogopa, na sioni aibu kukuambia. Asha asije. Pasi yake ya kusafiria ifungie kabatini kwako. Akilia, mwache alie; akinitukana, nimemsamehe. Mimi nitabaki, maana Bibi hawezi hata kushuka kitandani bila mimi.

Msalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa vitumbua umwambie nautamani mkono wake. Asha usimpe salamu zangu. Mshike tu, usimwachie.

Mwanao akuombeaye afya,
Zubeda